Uji wa Otilia

Mwalimu Ernest hakulia msibani. Watu wa kijiji cha Kiegei waliokuja kumpa pole walimkuta kwenye mkeka, anaitikia tu, hata chai aliyopewa hajui kama ina sukari. Wakasema ni jasiri. Ujasiri gani! Mtu alikuwa amekufa ganzi, basi.

Otilia, mkewe, alimwachia watoto tisa wa nguruwe, ndio kwanza wameachishwa kunyonya. Nguruwe walikuwa mradi wa Otilia tangu walipohamia huku kutoka Mbinga. Mwalimu hakuwahi kushika hata ndoo. Sasa kila asubuhi alipika uji wa pumba, akautia ule unga wa bakteria wazuri ambao mkewe alikuwa akinunua duka la pembejeo Nachingwea mjini, wa kukinga matumbo yao na kuwakuza. Lakini watoto waliharisha, wakakonda, wakafa wawili. Aliwafukia bila kusikia chochote moyoni. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba wangekwisha wote, kitu cha mwisho alichokilea Otilia, naye abaki hivyo hivyo, mkavu.

Asubuhi moja Bi Semeni, jirani yake, alikuwa ng'ambo ya uzio akichambua mbaazi. Nguruwe kwake ni haramu na bandani hakanyagi, lakini kutazama hakuna aliyemkataza. Alimwona mwalimu akimimina unga kwenye sufuria inayotokota.

"Mwalimu, we! Mbona unavipika?"

"Navipika nini, Bi Semeni?"

"Hivyo vidudu vizuri. Marehemu alikuwa anangoja upoe. Aliniambia ni kama togwa tu, kimea ukikitia kwenye uji wa moto umekiua. Alikuwa anakaa hapo kwenye kigoda, tunapiga stori weee, mpaka upoe."

Miaka yote mwalimu amekunywa togwa ya mkewe, na hata hilo hakulijua. Alimwaga uji ule, akapika mwingine, akauipua, akakaa kwenye kigoda.

"Nitajuaje umepoa?"

"Alikuwa anatia mkono."

Alingoja, kisha akatia mkono. Uji ulikuwa vuguvugu, joto la mkono wa mtu. Watoto saba walipiga kelele za njaa. Bi Semeni akamkumbusha unga, kisha akarudi kwenye mbaazi zake. Ernest hakuutoa mkono. Aliuacha humo humo, analia kwa sauti, mpaka uji ukapoa kabisa na ikabidi awashe moto upya.