Mwalimu Dinah na Ramani Isiyo na Shamba

Mwalimu Dinah Maro anafundisha fizikia katika shule ya upili ya kutwa karibu na Minjila, na kwa siku tatu za mwaka jana nilikuwa na hakika kwamba anatuuza.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtoto wa wakulima wa kando ya mto. Asubuhi kabla ya shule huinamia mpunga wa mama yake, kisha hunawa miguu na kwenda darasani. Masomo yakiisha, wenzake hurudi nyumbani, yeye hubaki maabara ambako kuna umeme, mlango ameufunga, laptop mbele yake. Akipigiwa simu na mtu wa Nairobi hutoka nje na kuzungumza Kiingereza akiwa amewapa watu mgongo. Jambo dogo, lakini sisi tulilihesabu.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji chetu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maendeleo ya jamii, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna ekari ya wazee wangu itakayochukuliwa tena nikiwa macho. Neno "tena" halikutoka hewani. Nilipokuwa darasa la sita, watu wa kampuni moja walikuja na ramani iliyokunjwa. Ilipokunjuliwa ilikuwa imeshatiwa saini. Ndani yake kulikuwa na mfereji mnyoofu kutoka mtoni na mashamba ya duara, yale yanayomwagiliwa na mtambo unaozunguka kama mkono wa saa. Mashamba yetu hayakuwemo. Kampuni ile iliondoka baada ya misimu miwili, mfereji ukajaa magugu, na kijiji kikajiwekea sheria: mchoro wowote wa ardhi ukionekana, utatandazwa mkekani mbele ya watu wote, na kila nyumba itaweka kidole mahali shamba lake lilipo.

Jumatatu moja Kadzo, mwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi pale Garsen, akanipigia simu.

"Katibu, mwalimu wenu amechapisha kitu hapa. Mimi sisemi kitu. Njoo uone."

Alikuwa amenitolea kopi kwenye karatasi ndogo, na mashine ilikata maandishi ya chini. Yaliyobaki yalinitosha. Mistari miwili minyoofu ilienda sambamba toka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Katikati yake palikuwa na duara ambalo halikuigusa. Pembeni, tarakimu: 50, 175, 15. Kipimo hakikuonekana, nikakijaza mwenyewe kichwani. Mita.

Jumanne tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Dinah hatukumwalika. Mwenyekiti wetu ni Mzee Zakaria, ndugu mdogo wa marehemu baba yake, na ni yeye aliyesema, "Tukimwita ataficha." Tukatandaza karatasi mkekani, tukaweka mawe kwenye pembe. Watu wakapanga foleni kuweka vidole.

Kila nyumba ilipata shamba lake, na hilo linaniuma hadi leo. Mzee Zakaria aliuona mto katika mstari wa juu, akaonyesha hata mahali mtumbwi wake unapofungwa. Baya, mkulima Mgiriama aliyehamia kwetu kutoka upande wa Tarasaa, aliweka kidole ndani ya duara.

"Hapa ndipo kwangu," akasema. "Mimi wa kutoka kusini, ndiye wa kwanza kumezwa."

"Na mimi je? Duara limepita kwenye migomba yangu," mwingine akadakia.

Wawili nusura wagombane ni nani yumo ndani zaidi. Mimi msomi niliandika yote kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa hati nzuri. Kabla jua halijatua tulikuwa tumekwenda kwa Dinah na kuichukua laptop yake. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu:

"Mtanirudishia lini? Ijumaa saa kumi na moja jioni natakiwa kuituma kazi ya shahada yangu ya pili. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Hakuna mara ya tatu."

"Itategemea majibu yako," Zakaria akamjibu.

Alhamisi mchana tukamsikiliza. Alisimama mbele ya mkeka, akaiangalia kopi yetu, akawaangalia watu ambao aliwafundishia watoto.

"Hii si ardhi," alisema. "Ni njia ya mwanga. Mistari hii miwili ni mifereji, imechongwa ndani ya dhahabu."

Ukumbi ukachangamka.

"Dhahabu ipo Minjila?" Baya akauliza.

"Haipo, Mzee Baya. Ni dhahabu ya kuwaza tu, iko ndani ya kompyuta. Mwanga unaingia mfereji wa kwanza, unashikamana na kingo za dhahabu na kutembea nazo. Ukifika karibu na pete hii, sehemu yake inaruka ukuta mwembamba na kuingia. Pete inakubali wimbi moja tu, lile ambalo urefu wake unatosha sawasawa kuizunguka. Hilo linaruka tena hadi mfereji wa pili. Mengine yanakataliwa. Ni kichujio."

Baya akageuka kuwatazama watu. "Mmemsikia. Kinaingia mfereji wa juu, kinazungushwa, kinatoka wanachotaka wao. Sisi wengine tunakataliwa. Amesema kwa mdomo wake."

"Mwanga, si maji."

"Wale wa kwanza nao walisema si shamba, ni utafiti."

Kila alipoeleza alizidi kuzama. Alisema kichujio kama hicho siku moja kinaweza kutenganisha ujumbe mwingi unaosafiri pamoja katika waya wa faiba wa intaneti, kama ule uliofukiwa kando ya barabara. Mtu wa nyuma akauliza nani aliruhusu waya ule ufukiwe, na dakika ishirini zikaishia hapo. Nilimwona akiitazama saa yake kila mara. Nilidhani ni hatia.

Mwishowe akanigeukia. "Katibu, wewe umesoma. Hii 175, uliiandika ni nini?"

"Mita."

"Nani alikuambia?"

Akatoa kwenye mkoba karatasi yake halisi, ile kubwa. Chini kabisa iliandikwa kwamba vipimo vyote ni kwa nanomita. Nikasimama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikapiga hesabu badala ya kupiga domo. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Duara ambalo nyumba kumi na nne zilikuwa zimeweka vidole ndani yake, ukilipanga zaidi ya mara mia mbili kwa mstari, halivuki upana wa unywele mmoja. Nikalisema hilo kwa sauti. Ukumbi ulinitazama kama mtu aliyenunuliwa muda huo huo.

"Basi leteni laptop," Dinah akasema. "Niiwashe mbele yenu. Muone kila kilichomo."

Hilo Zakaria alilikubali, kwa sababu lilifanana na sheria yetu. Laptop ikawekwa mkekani. Watu wakasongamana. Akafungua mchoro, rangi zikapita kwenye mfereji, pete ikawaka, mfereji wa pili ukawaka. Kisha akafungua grafu yenye kilele kimoja kirefu.

"Huu ndio mwanga unaotoka upande wa pili. Asilimia tisini na saba."

Baya alikuwa amechuchumaa, pua karibu iguse kioo.

"Mwongo," alisema polepole. "Tisini na saba zinatoka? Mimi nimechimba mifereji tangu kijana. Mfereji hunywa. Huwezi kuingiza ndoo kumi, ukaruka kuta mbili, ukatoka na kumi kasoro tone. Zile zilizonywewa mmezificha wapi?"

Watu wakacheka. Dinah hakucheka. Aliinamia grafu ile hadi Zakaria akamuuliza kama anaumwa. Kisha akafungua ukurasa mwingine wenye tarakimu nyingi, akapitisha kidole, akakisimamisha.

"Dhahabu hula mwanga," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Inaugeuza joto. Nilizima upotevu huo mwezi wa tatu nilipokuwa najaribu, ili kompyuta iende haraka. Sikuuwasha tena."

"Anakiri," mtu akasema.

"Nakiri," akajibu.

Kamati ilimruhusu kurudia kazi kwa sharti kwamba mtu akae naye. Ijumaa asubuhi alifungua maabara, na Baya akaja na kiti chake mwenyewe. Hesabu ilichukua saa saba. Baya hakutoka hata kula. Nilimletea chapati, akala akitazama kioo, akiuliza kila mara umeme ukiyumba kama ndio sasa anatuma. Kilele kipya kilipotokea kilikuwa kifupi na kipana: asilimia sitini na moja.

"Sasa hiyo naweza kuifikiria," Baya akasema.

Dinah alibadilisha kurasa tatu huku akiuma mdomo. Saa kumi na robo tulikuwa Garsen kwenye intaneti ya Kadzo, ambaye hakuthubutu kutuangalia usoni. Saa kumi na dakika hamsini kazi ilikwenda. Baya alinitaka nimsomee anwani ya anayepelekewa, herufi kwa herufi, akairudia hadi akaikariri.

Niliacha ukatibu mwezi uliofuata. Tuna haki ya kuogopa ramani, na nitabishana na yeyote anayesema wakulima wa mto ni washamba kwa sababu wanauliza maswali. Lakini mimi nilijua kuuliza kipimo nikachagua kukibuni. Hilo ni kosa langu, si la mkeka.

Wiki tano baadaye Dinah alipokea ujumbe akiwa shuleni. Msimamizi wake wa chuo, yule mtu wa Nairobi aliyekuwa akimpigia simu, alimwandikia kwamba kazi imekubaliwa, na kwamba sitini na moja aliiamini kwa sababu haikujaribu kumfurahisha. Siku hiyo Dinah hakumwambia mtu; mimi alinionyesha ujumbe huo baadaye. Alisimama nje ya maabara, simu mkononi, akacheka peke yake.

Jioni hiyo Baya akanipigia.

"Nasikia mwalimu leo amecheka," alisema. "Wewe unajua anacheka nini?"