Bwana Nyuki na Mizinga Mitupu

Wasomaji wangu, bwana nyuki wa Kilimatinde ametutoka. Mwanawe wa kwanza alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa sijanywa chai, na chai hiyo sikuinywa tena. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mtumishi mstaafu wa idara ya nyuki, mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na kwa miaka mingi nilimhesabu kuwa bahili. Leo naandika kwa huzuni, na kwa aibu pia, kwa sababu nilimwelewa nikiwa nimechelewa.

Ubahili wake tuliuona kwenye michango. Ukimpelekea kadi ya harusi alitoa kidogo, kwa adabu, halafu kesho yake unasikia amemnunulia mtu asiye hata ndugu yake mashine ya kukamua alizeti. Kila alipovuna asali na kuuza, fungu moja aliliweka kando kwa ajili ya watu: huyu mbegu za vitunguu, yule kuku wa kuanzia. Hakutaka kurudishiwa kitu. Alichotaka ni kukutembelea, na alikuja kweli, akakaa uani kwako mpaka ukamchoka. Wapo waliosema afadhali mkopo wa benki, maana benki haiji kukuuliza kuku wako wanalala wapi.

Mmoja wa watu wake alikuwa mama mjane wa Ilongero. Alimpa kuku wa kienyeji, wakapukutika wote kwa ugonjwa wa kideri. Akampa wengine, nao wakaenda njia hiyohiyo. Tulimwambia aachane naye, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mama mwenyewe alimtumia ujumbe kwamba asije tena, hana uso wa kumtazama. Mzee akapanda bodaboda, akaenda. Nilifuatana naye siku hiyo nikitegemea kusikia karipio, lakini kuku waliokufa hakuwataja hata mara moja. Aliuliza mayai aliyauza wapi, kwa nani, na kwa nini wanunuzi walikuwa wakimrudia yeye. Mama aliyekuwa ameinamisha kichwa akaanza kueleza, akaeleza mpaka jua likageuka. Kumbe kufuga hajui, ila kuuza anatushinda sote. Mara ya tatu mzee akampa mtaji wa kununua kuku wa majirani na kuwapeleka mjini. Leo nyumba nyingi za Ilongero zinauza kuku kupitia kwake.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kama haoni uchungu kupoteza.

"Mwalimu," akanijibu, "mimi nikitundika mizinga kumi, sijui nyuki wataingia upi. Mingine inakaa mitupu. Lakini mzinga mtupu siuchomi moto. Nauhamishia mti mwingine."

Nasikia siku hizi mijini wapo wenye fedha wanaoweka mtaji kwenye biashara changa, wakijua kabisa kwamba nyingi zitakufa na moja itakayosimama itafidia zote. Wanamtazama mtu kabla ya maandishi yake, wanakaa naye, wanamkosoa, wanamtafutia njia. Kwenye misaada sisi tunafanya kinyume. Tunatoa mara moja, tunapiga picha, tunaondoka, na mambo yakiharibika tunasema watu hawa hawasaidiki. Bwana nyuki alikuwa na jicho la hao wenye mtaji, ila aliwazidi kwa jambo moja. Wao biashara ikifa wanaifuta na kutafuta nyingine. Yeye alijua kwamba biashara ikifa mtu bado yupo, na jioni anatakiwa kupika.

Hapo ndipo aliponishika. Miaka minne iliyopita nilimnunulia mpwa wangu wa Misigiri cherehani, mwaka wa njaa akaiuza. Nilinuna, nikaacha kupokea simu zake. Nilimsimulia mzee nikitaka anihurumie, naye akauliza nilikwenda kumwona mara ngapi. Nikasema sijaenda.

"Basi hukumpa cherehani," akasema. "Ulimpa mtihani."

Niliondoka kwake nimekasirika, na jambo hilo hatukulizungumza tena. Sasa halizungumziki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulimzika Alhamisi. Mama wa Ilongero alikuwepo, akilia bila sauti, na wanawake anaofanya nao biashara wamemshika mabega. Sikuweza kumtazama kwa muda mrefu. Kesho yake, badala ya kukaa mezani kuandika, nilipanda basi la Misigiri.

Nilimkuta mpwa wangu anapepeta mtama. Akapiga goti, akaniamkia, halafu uso ukambadilika.

"Mjomba, cherehani sina. Niliiuza watoto wapate kula."

"Najua," nikamwambia. "Nimekuja kukaa."

Akanitolea kigoda. Nikamuuliza, alipokuwa na cherehani, watu walimletea nguo gani. Akaingia ndani, akatoka na futi yake ya kupimia, imekunjwa vizuri kwenye kitambaa safi. Cherehani ilikwisha kwenda, watoto walikula, na futi alikuwa ameitunza miaka yote hiyo. Akaniambia ni sare za shule, mjomba, watu wa hapa wanazifuata mbali. Nikaipokea ile futi, nikabaki nimeishika.

Ndugu zangu, kutoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwenda kukaa na uliyempa, hasa siku alipoanguka. Bwana nyuki aliifanya mpaka mwisho. Mimi ndiyo kwanza nimeianza, na wa kumweleza amekwisha kuzikwa.