Laptop ya Meneja na Seva ya Mzee Koros

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipokaa katika ofisi ya kompyuta ya kiwanda cha majani chai, nimejaa hofu, chai ya saa nne ikinipolea mezani. Nilikuwa mgeni Kericho. Nilikuwa nimetoka kwetu upande wa ziwa na watoto wawili wadogo, na mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaelekea kwisha. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kiwanda. Mkataba ukiisha, nyumba nayo inaenda. Wewe unayelala kwa baba yako huenda usiielewe hofu hiyo, na naomba Mungu usije ukaielewa.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Mkulima hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, karani huyapima, kisha uzito hutumwa kiwandani, kwenye ile kompyuta kubwa iitwayo seva. Lori halishushi mzigo mpaka seva ipokee. Yetu ilikuwa nzito, na feni zake zilinguruma kama kinu cha posho. Aliyeitunza ni mkuu wangu, Mzee Koros, mtu wa Bomet, mpole na asiyecheka ovyo.

Basi meneja akarudi safari na laptop mpya, nyembamba. Akataka ichukue kazi ya seva. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameambiwa kwamba prosesa ya laptop ile, yaani ile sehemu ndogo ndani ya kompyuta inayofanya hesabu, ina kasi kuliko ya seva yetu, na aliambiwa kweli. Akaniagiza nizipime mbele ya wakurugenzi waliokuja mkutanoni. Nikazipa zote mbili hesabu ileile. Laptop ikamaliza seva ikiwa bado njiani, na wakurugenzi wakapiga makofi.

"Nyota njema huonekana asubuhi," meneja akasema. "Hii kitu iko na nguvu kuliko hiyo friji yenu. Akinyi, andika ripoti, kesho tunahamisha kila kitu."

Kesho, na tulikuwa katikati ya msimu wa majani mengi. Lakini mimi niliona mkataba mpya tu, nikatabasamu. Wakurugenzi walipoenda kunywa chai, Mzee Koros akaniita karibu na meza.

"Akinyi, gunia ya majani ikifika hapa, unajuaje kama imeharibika?"

Hilo ni swali la kuuliza mtoto. Unaingiza mkono katikati ya gunia. Majani yaliyoshindiliwa hupata joto, na yakiachwa hivyo huungua yenyewe yakawa mekundu, ingawa ya juu bado ni mabichi na yanapendeza macho.

"Basi weka mkono chini ya hiyo laptop."

Nikauweka, nikautoa upesi.

"Umepima mbio ya kutoka hapa mpaka kwa mlango," akasema. "Kazi yetu ni ya kutwa. Na wewe umesomea hii maneno. Nani alikuambia unyamaze?"

Nilijua anachomaanisha. Prosesa ya laptop hukimbia sana kwa muda mfupi, kisha joto likizidi hupunguza mwendo yenyewe isije ikaungua, maana mwili ule mwembamba hauna pa kutolea joto. Ya seva haina haraka, lakini ina feni kubwa, na ndani yake ni kama ina mikono mingi: makarani wengi wakituma uzito kwa pamoja, kila mmoja anahudumiwa. Karani akiwa mmoja, laptop inashinda. Wakija wote, mambo yanageuka. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sidhani walikuwa wameona kompyuta.

"Si useme wewe, Mzee," nikamsihi. "Mimi nitafukuzwa."

"Nikisema mimi, watasema mzee anatetea seva yake. Wewe ndiye umepima." Akafikiri kidogo. "Na unaweza kufukuzwa, ni kweli."

Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Wakurugenzi waliporudi nikasimama. Nikaomba mashine zote mbili zipewe kwa pamoja kazi ya siku hiyo ya msimu, vituo vyote, mpaka jioni. Meneja akaniangalia mpaka nikatazama sakafu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, bwana. Naogopa tu."

Mwenyekiti, mama mmoja mkulima mwenye shamba lake la chai, akasema, "Kuogopa si mbaya. Wacheni ziende."

Mwanangu, sijawahi kuona saa zikitambaa vile. Kazi ya vituo vya mapema ilikuwa kidogo, na laptop ikaendelea kushinda. Meneja alipita akachungulia, akatoka akipiga mluzi. Mimi nilikuwa tayari nafikiria ni nani wa kuniazima mkokoteni nihamishe vyombo, na watoto nitawaambia nini. Niliomba Mungu laptop iharibike, kisha nikaogopa kwamba nimeomba vibaya.

Baada ya chakula cha mchana zikaja hesabu za vituo vyote pamoja. Laptop ikapunguza mwendo. Kwake uzito ukaanza kuchelewa, kidogo, kisha sana, na jioni haijafika kioo chake kikawa cheusi. Seva iliendelea na kelele zake, mwendo wake ni ule wa asubuhi. Hakuna aliyepiga makofi. Meneja akafunga laptop kwa mikono miwili, akaibeba akaenda nayo.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha na malori yakafika yameandamana, majani yamejaa hadi juu. Nilisimama dirishani nikiyahesabu malori kana kwamba bado tuko kwenye majaribio. Kila lori lilishusha mzigo wake likaondoka, na majani yakaingia ndani kabla hayajashika joto. Hakuna dereva wala mkulima aliyejua kilichotaka kutokea. Hakuna aliyenishukuru, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Meneja alinipa mkataba wa msimu mmoja, halafu mwingine kama huo, na kila ulipokaribia kwisha niliogopa upya.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu. Chombo, rafiki, hata mchumba, usimsifu kwa mbio za asubuhi. Mngoje siku ndefu yenye joto ndipo useme. Na siku utakapojua jambo ambalo wakubwa hawataki kulisikia, usingoje hofu iishe ndipo uinuke, kwa maana haitaisha. Inuka nayo. Sema ukitetemeka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mwoga aliyesema kweli watu wake hulala salama bila kujua alichowafanyia.

Mungu akupe ulimi usiokauka siku hiyo, akupe mkubwa asiyekudanganya, na paa lako asilitie mkononi mwa mtu mwingine. Amina.