Nilifunguliwa Mlango wa Jeneza Nipige Picha

Mwanamke alitoka majarubani mbio, matope mpaka magotini, akimlilia mume ambaye hajafa.

Aliyemuua ni mimi. Kwa picha tu.

Iko hivi. Nikisafiri, wenzangu wanaulizia nyama choma, mimi naulizia kanisa kongwe. Napenda ile milango yao. Tabora nimepiga, Sumbawanga nimepiga, status zangu Mpanda nzima inazijua.

Juzi kati nikaenda harusi kijiji kimoja mbele ya Kasansa. Jumatatu yake, nikisubiri basi, nikapanda kanisani.

Wee, ule mlango. Mninga mtupu, umechongwa mizabibu, samaki, na malaika mwenye mashavu kama katoka kula ubwabwa. Ila upande mmoja tu ndio ulikuwa wazi.

"Katekista, nifungulie na huu wa pili, picha ikae vizuri."

Mzee Ponsian akasita. "Huu hatufungui ovyo, mama. Ni wa maharusi na marehemu."

"Mara moja tu, baba. Nani ataona?"

Kijiji kizima kiliona. Kanisa liko kilimani, majaruba ya mpunga yako chini. Jumatatu hakuna harusi. Na mgonjwa wao wa hospitali alikuwa mmoja, Stanslaus, kalazwa Mpanda anasubiri kupasuliwa mguu.

Ndiyo maana mkewe, Marsela, akaja vile. Nyuma yake akina mama wanalia, "Marsela jamani, Marsela wetu."

"Kwani nani kawaambia kuna msiba?" nikauliza.

"Si mlango," mmoja akanijibu, ananishangaa.

Hezron, shemeji yake, alikuwa ameshapiga simu ya mgonjwa ili aongee na anayemuuguza. Ikapokelewa na marehemu mwenyewe.

"Haloo, Hezron?"

Hezron akaitupa simu kwenye mawe, akakimbia.

Tulicheka, jamani. Katekista akaeleza, Marsela akacheka huku kamasi zinamtoka. Na mimi nikacheka, nikijua nimepona.

Kumbe kabla ile simu haijazima, Stanslaus kule wodini alisikia vilio na jina la mkewe. Basi, hakusikia kingine. Tulipompigia kwa simu yangu, hapatikani.

Jioni akashuka kwenye Noah, kaegemea fimbo, mguu umevimba mpaka suruali imechanwa. Akamkuta Marsela anapepeta mchele. Akakaa chini palepale, akalia kama mtoto.

Tukamrudisha Mpanda. Ule upasuaji ulikuwa wa kuuokoa mguu. Sasa madaktari wanasema wataukata.

Napeleka uji wodini kila asubuhi. Sina sura ya kumtazama yule baba. Marsela ananisogezea mkeka.

"Kaa mdogo wangu. Miaka yote hii sikujua kama huyu mwanaume ananipenda. Umenionyesha wewe."

Bora angenitukana.

Picha nimeifuta. Nyie mnaotembea na simu mkononi, mwenye mlango wake akisita kuufungua, msimbembeleze. Kasita kwa sababu anajua watu wake watausomaje. Wewe unaona nakshi tu.