Matumbo ya Mtihani

Ta, ta, ta. Kisu juu ya ubao. Miaka imepita, na Daktari Lillian Driciru bado anausikia mlio ule ukitoka jikoni kwake huko Manibe, asubuhi ambayo yeye alikuwa bafuni akijisugua na kukariri somo. Alidhani ni vitunguu. Akavaa, akaenda wodini.

Driciru alizaliwa Koboko, kwa baba aliyeshona magunia sokoni. Sindano ya gunia aliijua kabla ya kalamu. Alipokuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Arua, wagonjwa walimwita sista na kumwuliza daktari atakuja lini. Mzee mmoja mwenye ngiri alikubali kupasuliwa kwa sharti moja: afumbe macho tangu mlangoni, ili akirudi kwao Ayivu aweze kusema kwa kweli kwamba hakuona ni nani.

Chuoni alifundisha kwa mkataba wa muda. Mara mbili aliomba kuwa mhadhiri kamili wa upasuaji, na mara mbili jopo lilimjibu: kushona unajua, kufundisha hatujaona. Sasa jopo lilikuwa linakuja lenyewe, maprofesa watatu kutoka Kampala. Wangekula kwake mchana, kisha wakague kazi ya wanafunzi wake. Wakimkataa tena, angebaki bila kazi, maana mkataba ulikuwa unakwisha mwezi huo.

Kazi yenyewe ilikuwa matumbo ya ng'ombe. Kila mwanafunzi alikata utumbo, akauunganisha tena kwa uzi wa nailoni, na Driciru aliujua mkono wa kila mmoja. Driciru naye alishona mmoja, wa mfano. Friji ya chuo ilikuwa imekufa, kwa hiyo aliyabeba yote nyumbani ndani ya bakuli.

Saa saba alirudi na wageni, akawaketisha sebuleni, akaingia jikoni. Mama mkwe wake, Mama Asiku, aliyekuja kusaidia kupika, alikuwa anafunika sufuria.

"Mama, bakuli ya ndani ya friji iko wapi?"

"Bakuli nimeosha. Matumbo iko kwa moto."

"Na kuku wa wageni?"

"Kuku alikimbia. Iko kwa muhogo ya jirani, anatuangalia."

"Mama, yale yalikuwa mtihani wangu."

"Mtihani gani inanuka vile? Nimeosha mara saba. Na wewe, mwanangu, nani anauzia wewe matumbo imefungwa na uzi kama gunia? Mimi nimekata kando ya uzi tu. Ile fundo ilikataa kisu."

"Wageni watakula uzi?"

"Watatema. Si ni watu ya kusoma?"

Driciru alipakua, akapeleka sahani sebuleni. Mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye miwani mizito, alichoma kipande kwa uma, akakivuta, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Daktari, huu ni mshono?"

"Ndiyo, Profesa. Ndiyo kazi mliyokuja kuikagua."

"Kula tu, mwanangu," Mama Asiku alimwambia mwenyekiti kutoka mlangoni. "Uzi ni ya bure."

Basi maprofesa watatu wakaacha kula, wakaanza kukagua. Mmoja alifinya ncha moja ya kipande chake, akamimina mchuzi kwa kijiko kwenye ncha ya pili, akabonyeza. Hakuna tone lililovuja. Mwingine aliomba kuongezewa, akasema ni kwa ajili ya utafiti.

Kwenye sahani ya mwenyekiti vilikuwepo vipande viwili. Kimoja kilikuwa kizima, kimebana. Cha pili kilikuwa kimefumuka, kimeachama kama mfuko wa suruali kuukuu.

"Asubuhi nzima juu ya moto," alisema mwenyekiti, akikigusa kile kizima kwa heshima. "Nimeshona miaka thelathini, na sijui kama wangu ungevumilia. Huu bila shaka ni wako, Daktari. Hicho kilichofumuka ni cha mwanafunzi."

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya fomu. Driciru aliutazama mdomo wa Mama Asiku, uliokuwa unamwashiria aseme ndiyo. Kisha akainama karibu na sikio la mzee.

"Uliofumuka ni wangu, Profesa. Huo mzima ni wa mwanafunzi wangu Ritah. Nimemfundisha mimi."