Pikipiki Lisilopiga Hodi

Mume wangu Magige alikuwa bwana mifugo kwa miaka ishirini na tisa, na pikipiki alilonunua mnadani lilikuwa na mlio wa kuamsha mtaa wetu wote wa Makoko, hapa Musoma. Honi halikuwa nayo. "Honi ya nini?" alikuwa akinijibu. "Mugeta wananisikia nikiwa bado Bunda."

Alikuwa anatia chumvi, lakini mlio ule ulikuwa na kazi yake kule Mugeta, nyumbani kwetu. Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, ndiyo heshima. Magige akifika kwenye josho la ng'ombe, kama nusu kilomita hivi kutoka nyumbani, mama yangu alikuwa anausikia, anaacha analolifanya, anajitanda kitenge na kuingia ndani. Magige anakuta mlango umefungwa, wanasalimiana kupitia kwangu, kila mtu ameridhika. Ndoa yetu ina miaka ishirini na sita, na Magige hakuwahi kumkosea mama adabu hata siku moja.

Mwaka huu panya wakatafuna waya zote. Magige akalifumua pikipiki uani, akatandika mkeka wangu mzuri bila kuuliza, akaanza upya. Dukani alipata waya za rangi nyekundu tu, basi kila moja akaifunga kipande cha kitenge changu cha zamani: cha njano taa, cha bluu chaji, cha maua breki. Siku nne alipiga magoti pale, miwani imefungwa uzi, akizibembeleza fyuzi. Nilimpenda sana siku zile, ingawa roho iliniuma kwa ajili ya mkeka.

Kosa nililifanya mimi. Nilimwambia, "Baba Hilda, maadamu umelifungua, lizibe na mdomo. Naona aibu kufika kanisani na kelele za trekta." Hakubisha. Bomba la moshi lililooza akalikata, akachomelea jipya, na ndani yake akashindilia stilwaya zangu zote za kusugulia masufuria. Alipowasha, likanong'ona tu. Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Jumamosi tukaenda kumpelekea mama samaki, sato. Tukapita josho, tukaingia uani kimya kimya. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ghala, amebaki na shimizi, anaosha miguu kwenye beseni.

"Yesu wangu!" mama akapiga yowe.

Magige aligeuza uso kwa haraka hata tukaangukia maharage yaliyoanikwa. Mama akakimbilia ndani, kandambili moja ikabaki kwenye maji. Mume wangu akalisukuma pikipiki hadi joshoni, nami nyuma yake, akakaa juu ya ukuta wa josho. Mzee wa miaka sitini na mbili, machozi yanamtoka.

"Mimi hapa sirudi tena," akasema. "Nimemvunjia mama yako heshima. Utakuwaga unakuja peke yako."

Nilimjua. Akisema neno kama hilo, analishika.

Nikarudi kwa mama. Alikuwa amelala kitandani, kitenge amejifunika mpaka kichwani. Nikamweleza yote: panya, stilwaya, na maneno yangu ya kanisani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Unafikiri nilikuwaga nasikiliza ili nijifiche tu? Barabara ile inamaliza watu. Nikisikia pale joshoni, najua ameniletea mwanangu mzima. Sasa nitakuwaga najuaje? Mwambie arudishe kelele yake."

Nilikwenda mbio, umri wangu huu. Magige alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa plaizi, akazivuta stilwaya moja moja kutoka kwenye bomba ambalo bado lilikuwa la moto, nyeusi tii, nami nikazipokea kwenye upindo wa kitenge. Akapiga kiki. Ng'ombe wa jirani wakainua vichwa.

Tuliingia uani polepole. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikajiandaa kupeleka salamu kama kawaida yangu, lakini sauti ya mama ikanitangulia, ikatoka ndani moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu:

"Mkwe wangu, nimekusikia. Karibu nyumbani."

Magige alizima injini, akavua kofia, akauinamia ule mlango uliofungwa.