Njano, Maalim

Enzi zetu pale Ole, skuli nzima ilikuwa na kompyuta moja, na kabla ya kuigusa ulinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Msimu wa karafuu vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa kuchambua karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vyake. Maalim Shaame alikuwa akituvuta mkono mmoja mmoja na kuunusa. "Huu bado una karafuu. Rudi bombani." Tulirudi tukicheka, mihogo ya kuchoma imeshasagika mifukoni ikawa unga.

Kompyuta yenyewe aliileta mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Monita yake ilikuwa nene kwa nyuma kama sanduku la bibi harusi, na mke wa Maalim aliifumia kitambaa cha kuifunika. Iliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na kila Jumamosi tulikaa mkekani tukisubiri iamke.

Mara nyingi haikuamka. Sipiyu ilinguruma, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi, na katikati maneno ya Kiingereza ambayo Maalim alitufasiria: hakuna kinachofika. Hapo alitusomesha kama chuo cha Kurani, sote kwa sauti moja, mpaka tukahifadhi. Kwanza angalia umeme. Kisha taa ndogo chini ya kioo: ikiwa kijani, picha inafika, ikiwa njano, monita i hai lakini haipelekewi kitu. Ikiwa njano, chomoa waya wa buluu nyuma, tazama kama kuna pini iliyopinda, urudishe, ukaze skrubu zake mbili. Ikishindikana, fungua sipiyu, chomoa kijiti cha memori, kisugue meno yake kwa raba ya kufutia, kirudishe. Siku hizi simu ya kijana ikizima dakika mbili tu anataka mpya. Sisi tulijua kusugua memori kabla hatujajua kuandika majina yetu kwa kibodi.

"Taa rangi gani?" Maalim aliuliza, amepiga magoti nyuma ya meza.

"Njano, Maalim!"

Tuliona fahari kuulizwa. Hatukujiuliza kwa nini haji kuiangalia mwenyewe.

Jumamosi moja picha ikaja. Mimi na rafiki yangu Bimkubwa tulikuwa mbele kabisa. Maalim akauliza kama kawaida yake. Bimkubwa akanifinya paja, akajibu, "Njano, Maalim."

Ulikuwa mzaha tu. Maalim akainuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya kioo kinachong'aa. Akainamisha uso, pua karibu iguse.

"Haya, bado," akasema, akarudi nyuma kukaza skrubu.

Tuliziba vinywa kwa viganja. Kumbe haoni! Kwetu sisi ikawa sikukuu. Siku ile tulicheza karata za kompyuta huku yeye akihangaika na waya, na Jumamosi ya pili yake, na nyingine tena. Chumba kizima kiliingia katika siri. Msimu wa karafuu ulianza na ukaisha, Maalim akiuliza na sisi tukijibu njano. Vidole vyake vilichubuka. Mwisho aliandika barua ya kuomba monita nyengine, na mimi ndiye niliyemshikisha kalamu na kumwonesha mstari ulipo.

Mwalimu Mkuu alikuja kuangalia. Akasimama mlangoni.

"Maalim, mbona inaonesha?"

"Inaonesha nini?"

Hakuna aliyecheka.

"Watoto wameniambia njano," Maalim akasema. Akageuka kututazama, lakini aligeukia upande usio na mtu.

Alipelekwa hospitali ya Chake, kisha Unguja. Ilikuwa presha ya macho, maradhi yanayokula uoni kimyakimya, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mkewe alimhadithia bibi yangu, nami nikichambua mchele pembeni. Daktari amesema lau angeletwa mwanzo wa msimu, jicho la kulia lingebakiwa na mwanga kidogo. Maalim mwenyewe aliogopa kusema, asije akaachishwa kazi.

"Lakini watoto je?" bibi akauliza. "Watoto wote wale hawakuona kitu?"

Nikaendelea kuchambua mchele.

Mwaka jana ndipo nilipokwenda kwake. Bimkubwa, ambaye ameolewa Konde, alikataa kufuatana nami. Nilimkuta Maalim ukumbini anasokota kamba za makumbi ya nazi. Nikampa shikamoo, nikamtajia jina langu, nikamweleza yote bila kupunguza. Mikono yake haikusimama.

"Kicheko nilikisikia," akasema baadaye. "Nilidhani mmefurahi kwa kuwa kompyuta ni jambo jipya."

"Nisamehe, Maalim."

Akaivuta kamba, akaipima kwa mkono. "Nimekusikia, mwanangu. Mwambie na mwenzako aje." Bimkubwa hajaenda mpaka leo.

Watu wa rika langu tukikutana hulalamika kuwa watoto wa sasa hawana haya, wanawajibu wakubwa, hawajui kupita mbele ya mzee kwa kuinama. Ni kweli, sisi tuliinama. Tuliamkia kila mtu njiani, tulibeba mikoba ya walimu, na tulijua sana kunyamaza. Nayatamani mengi ya siku zile, hata harufu ya karafuu jamvini. Kule kunyamaza ndiko nisikokutamani.

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka tisa alimwambia baba mkwe wangu mbele ya wageni, "Babu, kikombe hicho hapo, umekipita. Wewe huoni."

Mkono wangu ulishanyanyuka kumpiga. Nikaushusha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani, mama."

Asubuhi yake mimi na babu yake tulikuwa wa mwanzo kwenye foleni ya hospitali ya macho.